Siku ya sita hajapata choo

*Shikamoo Shangazi. Mwanangu ana miezi miwili, ananyonya maziwa yangu tu. Mwanzoni kila akinyonya anapata choo, leo ni siku ya sita kimya. Anacheka, anajamba, analala vizuri. Mama mkwe anasema tumbo limefunga, ameleta asali kutoka Sikonge tumlambishe. Nikubali?*
*Mama Kachanga, Ng'ambo, Tabora*

Marahaba, mwanangu. Asali hapana. Ile ya Sikonge naijua na naipenda, wewe unayenyonyesha unaweza kuila, ila mtoto asilambe hata tone mpaka atimize mwaka. Asali huweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima hazilisumbui. Kwa kachanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Na dalili ya mwanzo mara nyingi ni hiyohiyo mnayotaka kuitibu: kukosa choo. Kisha ananyonya kwa shida, kilio kinafifia, shingo inalegea.

Usibishane na mama mkwe nyumbani. Siku ya kupima uzito nenda naye kliniki, muuguzi amweleze mwenyewe. Neno la muuguzi halivunji undugu.

Sasa hizo siku sita. Mtoto anayenyonya tu, akishapita wiki sita hivi, choo hupungua. Wengine hukaa wiki nzima, hata siku kumi, kwa sababu maziwa ya mama husagwa karibu yote na mabaki ni machache. Kufunga choo hakupimwi kwa siku, hupimwa kwa ugumu: kikitoka kikavu kama mavi ya mbuzi, hapo kweli kafunga. Kikija laini, cha njano, hajafunga, hata kikipanda hadi mgongoni (na baada ya siku sita kitapanda, weka kanga karibu).

Wewe hesabu mikojo. Nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku na uzito unaopanda kwenye kadi, basi anashiba. Maji, dawa za tumbo na kile kipande cha sabuni cha kuchokoa nyuma, vyote viache. Endelea kumnyonyesha kila anapotaka.

Ila tumbo likivimba na kuwa gumu, akitapika kijani, akipata homa, akikataa ziwa, au choo kikija na damu au kikiwa cheupe, usingoje siku ya kliniki wala kuniandikia mimi. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku.