Re: Pesa za bale ya kiangazi
Mama Neema hongera kwanza, mtoto kupita odisheni si mchezo! Umeuliza utatoa wapi pesa za zile wiki 5 za mafunzo ya kiangazi ya School of American Ballet, ile shule ya bale ya New York, mi nakwambia kabla hujafungua GoFundMe, ule mtandao wa kuchangisha pesa, waandikie shule leo leo uombe skolashipu, pesa za msaada zikishagawiwa ndo basi. Binti yetu shule yao ilimpunguzia nusu ya ada, iliyobaki tukafanya harambee kwenye grupu la WhatsApp, nikatuma picha ya viatu vyake vya pointi, vile vya kusimamia ncha za vidole, ncha zimechanika na damu imekaukia kwenye satini, watu wakaanza kuchanga usiku uleule. Halafu viatu uvihesabu kabisa dadangu, pea moja inapita dola 100 na akicheza kila siku haimalizi wiki 2. Jumapili tulikuwa tunauza sambusa baada ya ibada, zinaisha zote.