Maswali ya wazazi wa lakrosi: klabu, vyuo na pesa zenu

Majaribio ya klabu za lakrosi, mchezo wa kurusha na kudaka mpira kwa fimbo yenye wavu, yanakaribia, na barua zimeongezeka kama kila mwaka wakati huu. Wanangu wawili wamepita kwenye mchezo huu hapa Maryland, binti akiwa beki na kaka yake akiwa kiungo. Kwa hiyo najibu kama mzazi aliyelipa ada na kuendesha gari usiku, si kama kocha.

*Mwanangu ana miaka 10, yuko darasa la tano. Klabu tatu zinamtaka. Ya kwanza ina orodha ndefu ya vyuo kwenye tovuti yake, ya pili iko karibu na nyumbani, ya tatu ni mpya na ada yake ni nafuu. Tuchague ipi ili baadaye apate chuo? Mama wa mmoja, Columbia, Maryland.*

Mama, kwanza kiweke chuo pembeni. Hakuna kocha wa chuo anayemwangalia mtoto wa darasa la tano, na klabu inayokuambia vinginevyo umeshaijua tabia yake.

Nenda kwenye mazoezi ya kila moja siku ya kawaida, Jumanne au Jumatano, usiwaarifu. Simama kando ya uwanja uhesabu: watoto wangapi wana mpira kwenye fimbo zao, na wangapi wamepanga foleni wakisubiri zamu? Anayewafundisha ni yule mkurugenzi mwenye jina aliyekupigia simu, au ni kijana wa chuo anayelipwa kwa saa na hajui majina yao? Mtoto akidondosha mpira anaambiwa nini? Kuna mtu anayewalazimisha kutumia mkono wa kushoto? Mtoto wa miaka 10 anayedaka na kurusha kwa mikono yote miwili atapata nafasi popote baadaye. Asiyeweza, nembo ya klabu haitamsaidia akifika darasa la tisa.

Sasa hiyo orodha ya vyuo. Hapa ndipo wazazi wenzangu wanaponiumiza roho kila mwaka. Orodha ile inaonyesha waliofika tu. Waombe orodha nzima: timu ilipokuwa darasa la nane ilikuwa na watoto wangapi, wangapi walibaki mpaka mwisho, na kila mmoja wao alikwenda wapi, pamoja na wale ambao hawachezi tena. Uliza pia nani alijiunga mwaka wa mwisho akiwa tayari ameshapata chuo kupitia klabu nyingine. Nimeona kijana mmoja akitangazwa na klabu mbili kwa picha ileile. Halafu omba namba za familia mbili, moja ambayo mtoto wake anacheza chuoni na nyingine iliyohama klabu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Klabu yenye kazi nzuri haitaogopa uongee na waliohama.

Kama mazoezi ya zote tatu yanafanana, chagua iliyo karibu na nyumbani. Saa mbili za foleni barabarani jioni zinakula muda wa masomo na wa kulala. Mnunulie mpira mmoja, mwonyeshe ukuta wa shule usio na madirisha, arushe na kudaka dakika 20 kila siku. Ukuta haudai ada, na hakuna kifaa cha mazoezi kinachoushinda.

*Klabu gani ni bora kwa watu wa Washington na vitongoji vyake? Baba, Virginia.*

Swali hili limenifikia mara nyingi mno, na kila mara haliji na umri wa mtoto, nafasi anayocheza, alama zake wala pesa mliyo nayo. Bora kwa nani? Niandikie upya.

*Binti yetu yuko darasa la nane. Mkurugenzi wa klabu ametuambia kwamba kocha wa chuo kikubwa cha Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, ameshamuulizia, na tukimwacha ahame atapoteza nafasi hiyo. Tufanyeje? Baba na Mama, Dallas.*

Msilipe senti moja kwa maneno hayo.

Zamani ilikuwa hivyo kweli. Watoto wa darasa la nane na la tisa walikuwa wanaahidiwa nafasi vyuoni kabla hata hawajamaliza kukua, na wengi waliachwa njiani. Makocha wa lakrosi wenyewe ndio waliodai mabadiliko, na mwaka 2017 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikapitisha sheria: katika Daraja la Kwanza, kwa wavulana na wasichana, kocha haruhusiwi kuzungumza na mtoto au wazazi wake kuhusu kumsajili kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka anaoingia darasa la 11. Hata mtoto akimpigia simu yeye mwenyewe, kocha hatakiwi kuendeleza mazungumzo hayo. Daraja la Pili wanaanza tarehe 15 Juni kabla ya darasa la 11. Daraja la Tatu wako huru zaidi, wanaweza kuwasiliana na mtoto mapema.

Kocha anaweza kuja uwanjani akatazama na kuandika majina kwenye daftari, na binti yenu huenda yumo. Lakini nafasi ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa kuitoa haiwezi kupotea kwa kuhama klabu. Anayewatisha watoto kwa jina la kocha wa chuo anauza ada ya mwaka ujao.

Muulizeni binti swali moja ambalo hamkuliandika kwenye barua: anafurahi pale? Miaka mitatu mpaka hiyo Septemba ni mirefu sana kwa mtoto anayelia njiani akienda mazoezini.

*Tunalipa zaidi ya dola 3,000 kwa mwaka, bado hoteli na mafuta. Mwanetu akipata skolashipu ya lakrosi itarudisha yote, si ndiyo? Mjomba na mlezi, Columbus, Ohio.*

Hapana, mjomba. Naomba usome jibu hili pamoja na mama yake.

Lakrosi si mpira wa kikapu. Kwa miaka mingi, mpaka msimu wa 2024-25, chuo cha Daraja la Kwanza kiliruhusiwa kutoa thamani ya skolashipu kamili 12.6 tu kwa timu nzima ya wanaume, na 12 kwa wanawake. Timu ya wanaume ina vijana 40 na zaidi. Piga hesabu mwenyewe: zinagawanywa vipande vipande, huyu robo, yule vitabu tu, mwingine hapati kitu. Tangu Julai 2025, baada ya mahakama kuidhinisha makubaliano makubwa ya michezo ya vyuo, vyuo vilivyojiunga nayo havina tena ukomo huo. Badala yake vina ukomo wa kikosi: wanaume 48, wanawake 38. Wazazi wengi waliposikia habari hiyo walishangilia, lakini kuruhusiwa kutoa si sawa na kuwa na pesa ya kutoa. Vyuo vingi bajeti yao ya lakrosi haikuongezeka, na kikosi kilichowekewa ukomo kina nafasi chache kwa yule kijana wa mwisho ambaye zamani angepokelewa bila msaada wowote.

Daraja la Tatu hawatoi skolashipu ya michezo kabisa. Vyuo vya Ivy League, vile vinane vya zamani vyenye jina kubwa, navyo hawatoi, ingawa wako Daraja la Kwanza. Cornell, mojawapo ya vyuo hivyo, walioifunga Maryland kwenye fainali ya wanaume mwaka 2025 hawana mchezaji hata mmoja mwenye skolashipu ya lakrosi. Vijana wale wanasoma kwa msaada unaotokana na hali ya kifedha ya familia, na kilichowafungulia mlango ni alama zao pamoja na fimbo.

Pesa ya kweli iko huko, kwenye alama na kwenye fomu. Familia nyingi za kwetu wahamiaji zina kipato cha kati au cha chini, na chuo chenye utajiri kinaweza kumpa mtoto wenu msaada mkubwa kuliko kocha yeyote, mradi apokelewe. Jazeni mapema FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo. Mwenye green card anastahili, mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanastahili, na mtoto aliyezaliwa hapa anastahili hata kama wazazi wake hawana makaratasi. Nimekutana na familia tatu ambazo hazikujaza kwa sababu baba aliogopa makaratasi yake. Watoto wao, raia kamili, walikosa pesa ambayo ni haki yao. Kama hilo linawatia hofu, zungumzeni na mwanasheria wa uhamiaji kwanza, lakini msiache kimyakimya.

NCAA inataka masomo 16 ya msingi na wastani wa alama wa 2.3 kati ya 4 ili mtoto acheze Daraja la Kwanza. Huo ni mlango wa chini kabisa. Kocha wa chuo kizuri akiona wastani wa 2.5 anahamia kwa mchezaji anayefuata. Ukiwa na dola 500 za ziada mwaka huu, mjomba, lipia mwalimu wa hesabu, usilipie mashindano ya sita.

*Klabu inasema inaandaa watoto kwa Olimpiki ya 2028. Mwanangu ana miaka 11. Mama, Houston.*

Mchezo utakaochezwa Los Angeles ni wa wachezaji sita kila upande, si ule wa kawaida, na mwanao atakuwa bado mtoto. Hayo ni matangazo tu.

*Tumeshauriwa mtoto arudie darasa la nane ili awe mkubwa kuliko wenzake, makocha wamwone. Wazazi wengi hapa wanafanya hivyo. Unasemaje? Baba Neema, Baltimore.*

Ni kweli wengi wanafanya, hasa kwenye shule za kulipia, na timu za klabu zinapangwa kwa mwaka wa kuhitimu, si kwa umri. Mvulana mwenye mwaka mzima wa ziada anaonekana simba mbele ya wenzake.

Mimi siupendi ushauri huu, na sitaficha. Unamchukua mtoto anayefaulu, unamwambia kufaulu kwake hakutoshi kwa sababu bado ni mdogo wa mwili. Mwaka wa ziada una gharama, na faida yake inakwisha siku atakapofika chuoni na kukutana na wanaume wa miaka 22.

Kurudia kwa sababu ya shule ni jambo jingine. Nimeona watoto waliofika kutoka Kongo au Kigoma wakawekwa darasa kwa kuangalia umri tu, Kiingereza bado hakijakaa. Huyo, mwaka mmoja wa kujipanga unaweza kumwokoa. Kama mtafanya, fanyeni kabla hajaanza darasa la tisa. Saa ya NCAA inaanza kuhesabu hapo, na masomo ya msingi anayoyachukua baada ya miaka minne ya sekondari kwa sehemu kubwa hayahesabiwi. Familia nyingi zinakuja kujua hili wakiwa wamechelewa.

*Binti yangu ni kipa. Klabu ina makipa watatu kwenye timu moja. Mama, Minneapolis.*

Hamisha. Kipa anajifunza kwa kupigiwa mipira kwenye mechi, na kwa wasichana magolini hukaa mmoja tu.

*Kijana wangu ameanza lakrosi akiwa darasa la tisa. Alikuwa anacheza soka. Amechelewa? Na je, nimlipe mtu wa kumtengenezea video na kuwaandikia makocha? Shangazi, Silver Spring.*

Hajachelewa kucheza chuoni. Kwa timu kumi za juu kabisa amechelewa, isipokuwa awe na kasi ya ajabu. Miguu ya soka inasaidia sana, hasa kwa beki na kwa kiungo mkabaji. Mtafutie klabu ndogo itakayompa dakika nyingi, na mwangalie Daraja la Tatu bila aibu. Salisbury, chuo cha serikali hapahapa Maryland, wametwaa ubingwa wa taifa wa daraja hilo zaidi ya mara 10. Mzazi anayesema Daraja la Tatu si mchezo hajawahi kwenda kuwatazama.

Usimlipe mtu. Video ya dakika tatu au nne inatosha, vipande vizuri vije mwanzoni, namba ya jezi ionekane. Wasijaze magoli tu: kocha anataka kumwona akiokota mpira chini kwenye msongamano, akikaba, akikimbia kurudi nyuma baada ya kupoteza. Barua aandike mwenyewe, fupi, yenye wastani wake na ratiba ya mechi zake. Makocha wanaijua barua iliyoandikwa na mzazi, na ya wakala wanaijua zaidi.

*Chuo kimoja kidogo kimempa kijana wetu nafasi. Timu yao ni nzuri mno, wana makombe. Klabu inatuhimiza akubali haraka. Kuna la kuangalia? Mama na Baba, North Carolina.*

Lipo, na klabu haitawaambia kwa sababu jina la chuo kwenye tovuti yao linatosha kwao. Angalieni afya ya chuo chenyewe. Cabrini, kule Pennsylvania, walikuwa mabingwa wa wanaume wa Daraja la Tatu mwaka 2019. Chuo kilifungwa 2024. Limestone, jirani zenu wa South Carolina, walitwaa ubingwa wa Daraja la Pili mara kadhaa. Kikafungwa 2025. Vijana wenye makombe walijikuta wakitafuta chuo kingine upya.

Ulizeni idadi ya wanafunzi inapanda au inashuka miaka mitano hii, na kama wamefuta kozi au kupunguza walimu. Ulizeni ofa ni ya mwaka mmoja au ya miaka minne, na ni nini kitatokea akivunjika goti. Jibu mlipate kwa maandishi kutoka ofisi ya misaada ya fedha, si kutoka kwa kocha, maana kocha anaweza kuhama mwezi ujao. Kisha kijana akalale siku mbili pale katikati ya wiki, akae darasani kwenye kozi anayoitaka, ale chakula chao. Akirudi mwulizeni kama angebaki pale bila lakrosi. Akisita, mpeni wiki nzima ya kufikiri, na mkurugenzi wa klabu akipiga simu, msipokee.