Kuhusu wifi yako: huenda ni sonona baada ya kujifungua

Dada, umeeleza kwamba wifi yako anaingia wiki ya 6 tangu ajifungue, uji wa pilipili manga unapoa bila kuguswa, na hata mtoto akilala yeye hubaki macho akitazama dari, huku wazee wakisema ni uchovu wa uzazi tu. Machozi na wasiwasi wa siku za mwanzo huwapata wengi, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki 2. Hali inayovuka muda huo, ikiambatana na kukosa usingizi, kujilaumu kupita kiasi au kutojisikia chochote kwa mtoto, yaelekea kuwa sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu, ambayo ni ugonjwa na inatibika. Chanjo ya wiki ya 6 ndiyo hii imefika, kwa hiyo msindikize kliniki (hakuna jirani atakayeuliza mnakwenda wapi) na umweleze muuguzi waziwazi, maana mara nyingi mtoto hupimwa uzito, kadi ikajazwa, na mama asiulizwe lolote. Matibabu huweza kuanza kwa ushauri nasaha, na zipo dawa, mojawapo sertralini, ambazo daktari anaweza kumpa bila kumlazimu aache kunyonyesha. Lakini akitamka kwamba anataka kufa au kumdhuru mtoto, akisikia sauti au akizungumza yasiyoeleweka, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na asiachwe peke yake. Kuhusu maombi uliyouliza, sioni ubaya wowote, mradi yasichukue nafasi ya daktari.