Niliuziwa rangi nikidhani dhahabu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia, "Kaka, nimeona saa ya dhahabu mtandaoni, nataka niivae siku ya harusi yangu, nilipie?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana mimi enzi zangu hilo swali sikumuuliza mtu, nililipa tu.

Ile ya kwanza tangazo liliandikwa 18K, yaani karati 18, picha zinawaka balaa, nikaona na mimi nimeshafika. Mzigo ukaja, nikaivaa miezi kadhaa, nanyoosha mkono hata nikiombwa chumvi tu. Siku moja nafunga kifungo cha shati naona pale kwenye pembe mkanda unaposhikia kuna kidoa cha kijivu, nikadhani uchafu, nikasugua na kitambaa, kidoa kikakua. Nikaipeleka kwa sonara, akaigeuza, akaweka lenzi jichoni, hakusema kitu, akanipa lenzi nisome mwenyewe. 18K ipo kweli, ila mbele yake kuna viherufi viwili, GP. Yaani chuma kimepakwa dhahabu! Muuzaji nilipomfuata akanijibu "ungesoma vizuri", akaniblok. Mpaka leo nikikumbuka roho inauma.

Sasa sikiliza mdogo wangu. Karati 18 maana yake dhahabu asilimia 75, ndo maana inagongwa 750, kwenye mfuniko wa nyuma au kwenye vile vimiguu vya kushikia mkanda. Karati 14 ni 585. Saa za dhahabu za Uswisi tangu 1995 zina mhuri wa kichwa cha mbwa wa Mtakatifu Bernard, kadogo kweli, na za zamani za karati 18 zina kichwa cha mwanamke, Helvetia, yule anayewakilisha Uswisi. Ukikuta GP au neno mikroni (kipimo cha unene wa dhahabu iliyopakwa), hiyo imepakwa, hata ing'ae vipi. Na habari za kupima kwa sumaku achana nazo, shaba nayo haishikwi na sumaku.

Kwa hiyo omba picha ya mgongo. Tena omba na ya ndani ya mfuniko, na ya kile chuma cha kufungia mkanda, maana kuna watu wanauza saa ya dhahabu na kifungio cha kupakwa. Mhuri ukiwa umefifia jua saa imesuguliwa sana na dhahabu imeliwa. Muuzaji akinuna ukiomba picha, muache anune. Vijana tunapenda kuonekana, tunalipia mng'ao kabla ya kusoma maandishi, hiyo ndo shida yetu.

Hii ya sasa nilihangaika wiki 3, wauzaji wawili wakanikasirikia, wa tatu akafungua mfuniko, akaweka na karatasi yenye jina langu na tarehe ya siku hiyo, hela ikashikiliwa na mtu wa kati mpaka niikague. Upana milimita 36, nyembamba, inaingia chini ya mkono wa shati bila kukwama, ya kutiwa ufunguo kwa mkono kila asubuhi. (Kuogea siogei nayo, hata kama imeandikwa inahimili maji mita 30.)

Nikairudisha kwa sonara yuleyule, makusudi kabisa. Akaweka lenzi, akaigeuza, akaipimapima kiganjani kwa uzito. Akaniuliza kama nauza.