Maswali ya Wasomaji: Mafuta ya Gia kwa Boti za Mwendo wa Kasi

SWALI: Bwana Mshauri, nakusalimu kwa heshima. Mimi na ndugu zangu tunaishi Nairobi, lakini tuna boti ambayo tunaiweka Kilifi. Injini yake ya silinda nane imo ndani ya boti, na gia zake ni za MerCruiser aina ya Bravo, zile zinazoning'inia nje ya tezi. Muuzaji wa vipuri katika barabara ya Kirinyaga amenipendekezea mafuta ya difu ya gari, 75W-90 ya daraja la GL-5, ambayo mkebe wake unasema yametengenezwa kwa difu zenye klachi ndani yake. Anasema kwamba mafuta yanayomudu lori lenye shehena likipanda mlima wa Mai Mahiu hayawezi kushindwa na boti, na bei yake ni nafuu kuliko ya mafuta ya boti. Je, niyanunue?
Msomaji, Lang'ata

JIBU: Ndugu msomaji, usiyanunue. Ni haki kusema kwanza kwamba mafuta hayo si dhaifu. GL-5 ni daraja la API, taasisi ya petroli ya Marekani, na linahusu gia ambazo meno yake yanasagana kwa shinikizo kubwa. Viambato vya salfa na fosforasi vinavyozuia chuma kisilane na chuma katika difu ya lori ni jamii moja na vile vinavyotiwa katika mafuta mengi ya gia za boti. Kwa upande wa kubeba mzigo, basi, muuzaji wako hajakosea sana. Amekosea katika mambo ambayo daraja hilo halikuwekwa kuyapima.

Jambo lililo zito zaidi kwako ni klachi. Ndani ya kichwa cha juu cha Bravo mna klachi ya umbo la pia, ambayo hupanda au kushuka kwenye shafti ya wima na kujibana ndani ya gia ya mbele au ya nyuma, na nguvu yote ya injini yako hupita katika mbano huo. Mafuta yaliyotengenezwa kwa difu zenye klachi yana kiambato cha kupunguza msuguano kwa makusudi, ili visahani vya difu viteleze taratibu gari linapokata kona bila kutetemeka. Utelezi huo ambao dereva wa gari anaulipia ndio utakaoharibu klachi yako. Klachi hiyo itateleza pale inapotakiwa kushika, itapata joto, uso wake utalainika na kung'aa, na siku moja utasukuma kishikio mbele, injini ivume, na boti isiondoke. Gia za Alpha, ambazo ni za kampuni hiyohiyo lakini ni za injini ndogo zaidi, hushikana kwa meno, kwa hiyo hazina hatari hii. Mwenye Alpha anaweza kukuambia kwa dhati kwamba alitumia mafuta kama hayo na hakuona neno, na ushauri wake bado usikufae.

Jambo la pili ni maji. Difu ya gari inaweza kuishi miaka yake yote bila kuonja maji, ilhali gia zako zinakaa ndani ya bahari. Shafti ya propela huwa na sili mbili zinazotazamana kinyume, moja ikiyazuia mafuta yasitoke na nyingine ikiyazuia maji yasiingie, na zote mbili ni mpira unaochakaa. Zaidi ya hayo, gia zilizopata moto zikikaa kwenye maji baridi baada ya safari, hewa na mafuta yaliyomo ndani hunywea, na kunywea huko huvuta maji kupitia penye udhaifu wowote. Mafuta ya gia yaliyoundwa kwa ajili ya boti huwa na viambato vya kuzuia kutu, na vingine vya kuyabeba maji kidogo yaliyoingia ili yasitulie juu ya beringi. Hata hivyo, kuyabeba si kuyaondoa: mafuta yoyote yaliyochanganyika na maji yamepoteza sehemu ya nguvu zake, na hayana budi kumwagwa upesi.

Sasa nije kwenye namba, kwa sababu wengi wanaona 75W-90 ikiwa na namba mbili na kudhani kwamba ni bora kuliko 90 tupu. Namba yenye herufi W inahusu baridi: 75W hupimwa katika nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W katika nyuzi 26 chini ya sifuri, na 85W katika nyuzi 12 chini ya sifuri. Hata asubuhi ya Julai hapa Nairobi haikaribii huko, sembuse Kilifi. Namba ya pili ndiyo inayokuhusu, kwani inaeleza uzito wa mafuta yakiwa na joto la nyuzi 100, na kwa 90 uzito huo ni kati ya 13.5 na 18.5 kwa kipimo cha sentistoksi, kinachoonyesha jinsi mafuta yanavyotiririka kwa shida au kwa wepesi. Usishawishike kupanda hadi 140 kwa kuwa injini yako ina nguvu. Mafuta mazito mno husumbua gia zinazoyavuruga, na nguvu inayopotea katika kuyavuruga hugeuka joto. Tena joto ndilo adui mkubwa wa boti ya kasi, maana boti ikishainuka na kuteleza juu ya maji, kichwa cha juu cha gia huwa hewani, wakati kile cha chini kinaendelea kupozwa na bahari.

Kwa gia zako, mtengenezaji anataja mafuta yake ya uzito wa 90 (SAE 90 kwenye mkebe) yaliyokusudiwa injini kubwa, na hayo ndiyo ningeyatia. Ukiyakosa, tafuta mafuta ya boti ya mtengenezaji mwingine ambayo mkebe wake unataja waziwazi kwamba yanafaa gia za MerCruiser, wala usinunue mafuta yanayopimwa kutoka kwenye pipa lisilo na maandishi, hata muuzaji awe rafiki yako. Anayesoma haya akiwa na gia za Volvo Penta asiige jibu hili, kwa sababu nyingi kati ya hizo huagiza 75W-90 ya sanisi, yaani mafuta yaliyoundwa kiwandani kwa kemikali, na baadhi ya zile za zamani hata zilitumia mafuta ya injini. Kitabu cha gia husika ndicho kinachoamua.

Badilisha mafuta kila baada ya saa 100 za kazi au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia. Kwa boti inayokimbizwa sana mimi ningepunguza saa hizo ziwe 50. Na kila siku ya safari, kabla ya kuwasha, angalia chupa ya akiba ya mafuta ya gia iliyo ndani karibu na injini. Ikiwa inapungua, mafuta yanavuja mahali. Ikiwa yanapanda huku injini ikiwa baridi, au yamepauka, maji yameingia, na hapo usiondoke.

SWALI: Mshauri, shikamoo. Kaka yangu huwatembeza wageni kwa boti katika Ziwa Naivasha, na mashine yake ni ya kufunga nyuma, nguvu za farasi 40. Alipofungua mafuta ya gia aliyakuta meupe kama chai ya maziwa. Fundi amemwambia atie mafuta mazito zaidi ili maji yasiingie tena. Je, ni kweli?
Msomaji, Umoja

JIBU: Marahaba. Si kweli, na ushauri huo unaweza kumgharimu seti nzima ya gia. Hakuna uzito wa mafuta unaoziba sili iliyokatika.

Kwanza ahakikishe kwamba weupe huo ni wa maji, kwa kuwa mapovu ya hewa nayo hupausha mafuta. Aweke kiasi kidogo katika gilasi na kukiacha saa kadhaa: hewa itatoka na mafuta yatarudi kuwa angavu, lakini maji yatabaki. Tone moja juu ya bati lililopashwa moto pia litasema, kwani lenye maji hutatarika.

Kisha avue propela. Mara nyingi mkosaji huonekana papo hapo, yaani mshipi wa mvuvi au uzi wa wavu uliojizungusha kwenye shafti na kuila sili, jambo la kawaida katika ziwa lenye nyavu na gugumaji. Sili zibadilishwe zote mbili, pamoja na washa za bolti za mafuta, ambazo wengi huzirudisha zilezile kuukuu. Kabla ya kutia mafuta, fundi ajaze hewa ndani kwa shinikizo la takriban pauni 10 kwa inchi ya mraba na kungoja dakika tano. Mshale ukishuka, apake maji ya sabuni kwenye shafti na viungo ili aone mapovu yanatokea wapi. Aangalie pia sumaku ya bolti ya chini, ikiwa anayo: uji mwembamba wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vinavyoshikika kwa vidole vinamaanisha kwamba gia au beringi inavunjika.

Mafuta mapya yatiwe kutoka tundu la chini, mashine ikiwa wima, mpaka yatokeze tundu la juu bila mapovu. Bolti ya juu ifungwe kwanza, ndipo ya chini, la sivyo mafuta yatamwagika na hewa itachukua nafasi yake. Yale machafu yakusanywe katika dumu, yasimwagwe ziwani.

SWALI: Je, naweza kuongeza mafuta ya sanisi juu ya mafuta ya kawaida?
Msomaji, Kasarani

JIBU: Kwa kiasi kidogo, ili ufike nchi kavu, ndiyo, mradi yote mawili yawe mafuta ya gia ya uzito na daraja lilelile. Ukishafika, yamwage yote na utie aina moja, kwa sababu kila mtengenezaji ana mchanganyiko wake wa viambato, na hakuna aliyeujaribu ule ulioutengeneza wewe majini.