“Makumbusho la chuo linashea urithi”: bango la Ijumaa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, niko kwenye mafunzo kwa vitendo katika chumba cha makumbusho cha chuo chetu. Nimepewa kazi ya kuandika bango la mlangoni. Niliandika: “Makumbusho la chuo linashea sanaa na urithi wetu na jamii.” Mhadhiri akakata “la” akaweka “ya”, akakata “linashea” akaweka “inagawana”. Mwenzangu anayetoka Mombasa naye anasema neno lenyewe si makumbusho, ni makavazi. Sasa tuko watatu, kila mtu na sentensi yake, na bango linatakiwa Ijumaa. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wote watatu mna kosa, na la mhadhiri wako ndilo kubwa kuliko yote, ingawa sikushauri umwambie hivyo kabla hajakujazia fomu ya mafunzo.

Tuanze na jepesi. Makumbusho huandamana na “ya”, sawa na maji, mazungumzo na maonyesho. Makumbusho haya, makumbusho yetu, makumbusho yamefungwa. “La” yako imetoka kwenye “jumba la makumbusho”. Umelimeza jumba, ukabaki na mkia wake mdomoni. Mhadhiri aliirekebisha “la” vizuri, kisha akaandika “inagawana” badala ya “yanagawana”. Huyo kasikia watu wa Dar es Salaam wakisema “Makumbusho imejaa foleni”, lakini hao wanataja stendi ya daladala iliyochukua jina la Kijiji cha Makumbusho kilicho jirani. Jina la mahali lina uhuru wake, ila uhuru huo hauingii bangoni kwako. Na kwa kuwa umesema penu ni chumba, jumba nalo liacheni. Jumba ni nyumba iliyokuzwa, na mgeni atakayesoma “jumba” kisha akaingia kwenye chumba chenye kabati nne atajiona amechezewa.

Neno lenyewe ni zuri kuliko tunavyolichukulia. Kumbuka, kumbusha, makumbusho. Kumbukumbu ni kile tunachokikumbuka sisi wenyewe. Makumbusho yana ile “-sh-” ya kusababisha, yaani ni kitu kinachomfanya mtu akumbuke. Na tazama majengo yaliyobeba jina hilo kwetu: la Zanzibar, Beit el Amani, lilifunguliwa 1925 kuwakumbuka waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, la Nairobi lilifunguliwa 1930 kwa jina la Coryndon, gavana aliyefariki, la Dar es Salaam, 1940, kwa jina la Mfalme George wa Tano. Yote matatu yalikuwa kumbusho la mtu au tukio kabla mgeni hajatazama chungu wala mkuki uliomo ndani. Kampala walikuwa na jina lao. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa 1908, Waganda waliyaita nyumba ya mayembe. Mayembe ni ndugu wa pembe zetu, lakini kwao hubeba pia maana ya hirizi na pepo wake. Waliona vitu vya ibada vimepangwa rafuni, wakaita walichokiona. Miaka ya 1940 mikusanyo hiyo ilipata hifadhi Makerere, kwenye shule ya sanaa ya Margaret Trowell, kwa hiyo chuo kutunza vitu vya namna hii si jambo geni kwetu.

Kuhusu makavazi, mwenzako wa Mombasa hakosei akiwa Mombasa. Wakenya huliita makavazi jengo la nyaraka na pia jengo la vitu vya kale. Bara huku, kavazi limebaki kwenye nyaraka zaidi. Dar es Salaam tuna Kavazi la Mwalimu Nyerere, na anayekwenda huko anafuata karatasi. Ukiandika makavazi mlangoni Dodoma, wageni watakuja wakitafuta mafaili.

Sasa tufike palipo na kazi. Ulitaka kusema kwamba chuo hakijifungii sanaa na urithi, kinavitoa watu wavione, wavijue, wavione kuwa ni vyao. Ukakosa kitenzi, ukachukua “kushea”. Sikulaumu. Mtaani tunashea chumba, tunashea soda, tunashea picha kwenye simu. Wazee wetu walisema kuchangia: wapangaji wanachangia choo, wanafunzi wawili wanachangia dawati. Lakini bango la chuo halisemi kimtaa, na “kuchangia urithi” kungeeleweka kama harambee.

Mhadhiri akaenda kwenye kugawana, na hapo ndipo alipotumbukia. Simama sokoni useme “wameshagawana urithi” uone watu watakavyoelewa. Mzee amekufa, arobaini imepita, ukoo umekaa chini ya mwembe. Huyu kachukua shamba, yule ng'ombe wawili, shangazi kaondoka na cherehani, na mdogo wa mwisho kanuna. Kinachogawanwa kinakwisha. Makumbusho “yakigawana urithi na jamii”, maana yake chuo kimechukua nusu yake na wanakijiji wamepewa nusu yao. (Mahakamani wataita mirathi, na ni vyema neno hilo libaki hukohuko. Turathi, ambalo sasa linaandikwa sana Zanzibar na Kenya, halina harufu ya msiba, na ungeweza kulitumia: turathi zetu. Mimi bado napenda urithi, kwa sababu linamkumbusha msomaji kwamba kuna aliyeacha na kuna aliyeachiwa.)

Kushiriki je? Simu zimetufundisha “shiriki picha hii”, na najua sitaishinda simu. Hata hivyo anayeshiriki huingia katika jambo: hushiriki mazishi, mkutano, ngoma. Makumbusho hayawezi “kushiriki urithi na jamii”, kwa sababu urithi si shughuli ya kuhudhuriwa.

Kinachobaki ni kushirikisha, na hiki ndicho ningependa ukae nacho. Alinishirikisha jambo lake. Walitushirikisha mpango wao. Unaona kiambishi kinadai nini? Ni-, tu-, wa-: anayeshirikishwa ni mtu. Kitu hakishirikishwi. Huwezi “kushirikisha chungu”, utawashirikisha wafinyanzi. Ndiyo maana katika mikutano ya vijiji lalamiko ni lilelile miaka nenda rudi, “hatukushirikishwa”, wala halisemwi na barabara au kisima, husemwa na watu waliosimama pale. Ukitumia kitenzi hiki bangoni umejifunga, maana mtu anaweza kuingia, akatazama, akasema mimi ni wa ukoo huu, na hamkunishirikisha.

Haya yalitokea kweli, tena kwa watu wa kwetu. Chuo Kikuu cha Oxford kina Makumbusho ya Pitt Rivers, yaliyoanzishwa 1884 pale Jenerali Pitt Rivers alipokipa chuo maelfu ya vitu vyake kwa sharti kwamba awekwe mhadhiri wa kuvifundishia. Tangu 2017 wajumbe wa Wamaasai kutoka Tanzania na Kenya wamekwenda kuvitazama vitu vya kwao vilivyomo humo. Walikuta maelezo yenye makosa, wakayasahihisha. Walikuta pia bangili ya orkataar, ambayo mwana huipokea kwa baba yake aliyefariki. Haiuzwi, wala hapewi mgeni; kuwepo kwake kabatini ni habari mbaya ya familia fulani. Vitu vitano viliwasumbua kwa namna hiyo. Safari ya 2020 ilikuwa na laiboni, kiongozi wao wa kiroho, na 2023 wakuu wa makumbusho wakasafiri hadi huku kukutana na familia zenyewe, na ng'ombe wakatolewa. Kwa zaidi ya miaka mia moja makumbusho yale yalikuwa yakionyesha, yakihifadhi, yakifundisha. Vitenzi hivyo vyote vilikuwa vya kweli. Kushirikisha kulianza siku wenyewe walipoulizwa.

Kwa kuwa uko kwenye kazi hiyo, chukua na jozi nyingine: kukopa na kuazima. Naziona zikichanganywa hata kwenye barua za ofisi. Unga hukopwa, sufuria huazimwa. Ulichokopa utakila na kulipa kingine. Ulichoazima utakirudisha chenyewe. Makumbusho basi huazima na huazimana. Mwaka 2017 makumbusho ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, yanayoitwa Krannert, yalifungua maonyesho makubwa ya sanaa ya Waswahili, ambayo baadaye yalifika hadi Makumbusho ya Fowler ya UCLA, chuo kikuu kilichoko Los Angeles. Baadhi ya vitu viliazimwa kutoka makumbusho ya Kenya. Ukiandika “vilikopwa”, msomaji atauliza vililiwa lini.

Jozi hiyo inauma zaidi kitu kikienda upande wa pili. Juni 2024 vitu 39 vya asili ya Uganda vilitoka kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge vikafika Makumbusho ya Uganda, Kampala, kwa mkataba wa miaka mitatu unaoweza kuongezwa. Utasema vimerudishwa? Hapana, anayerudisha anaachia. Utasema vimeazimwa? Kwa mkataba, ndiyo, ila sikio la Mswahili linakataa, kwani mtu haazimwi sufuria yake mwenyewe. Mimi ningeandika “vimerudi”, bila “-sh-”. Kitenzi hicho kinataja safari tu na hakimtaji mwenye mali. Linganisha na vitu vya ibada vya Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda, ambavyo Cambridge hiyohiyo iliviachia Uganda ilipokuwa inapata uhuru. Hivyo vilirudishwa, na “-sh-” yake imekaa mahali pake.

Dogo la mwisho kabla ya bango: anayesimamia chumba chenu ni mhifadhi au mtunzaji, msimwite “mtunzi”. Mtunzi hutunga mashairi. Kama kweli anayatunga, mpeni ukuta wake.

Bango lenyewe ningeliandika hivi: “Karibu Makumbusho ya Chuo. Hapa tunatunza na kuonyesha sanaa na urithi wa jamii zetu.” Hiyo ni kweli tayari, hamna atakayewashtaki. Sentensi ya pili ingekuwa: “Tumewashirikisha wenye vitu hivi katika kuvieleza.” Hii usiiandike kwanza. Pita kabati kwa kabati usome vibandiko vyenu, uone vingapi vinamtaja aliyekifinyanga, aliyekichonga au kijiji kilikotoka, na vingapi vinasema tu “chungu, cha kienyeji”. Kisha panda basi mwende mkawaulize. Ijumaa ikikukuta bado uko njiani, bandika ya kwanza peke yake, uache nafasi chini.