Pete za vitunguu zinazolegea

Dada yangu wa Ujiji, umeuliza kwa nini pete zako za vitunguu hutoka kwenye karai zikiwa kavu, kisha muda si mrefu zimelegea na rojo limebanduka.

Rojo hubanduka kwa sababu ya maji. Kata kitunguu unene wa sentimita 1, toa ule utando mwembamba ulio ndani ya kila pete, kausha kwa kitambaa, kisha gaagaza kwenye unga mkavu kabla ya kuchovya. Usiruke hatua hii hata kama wageni wameshafika mlangoni.

Rojo changanya unga wa ngano na wa muhogo, nusu kwa nusu. Muhogo ndio unaokausha, na kwetu Kigoma haukosekani; ila usiwe wa muhogo uliovundikwa, harufu yake itatangulia. Maji yawe baridi sana.

Mafuta yafike nyuzi 180 hivi: tone la rojo liibuke papo hapo na mapovu. Kaanga chache chache. Mawese nayapenda kwenye maharage, lakini hapa hufunika ladha ya kitunguu, tumia alizeti.

Na tafadhali, usizifunike kwenye hotipoti! Mvuke ndio unaozilegeza. Zitandaze kwenye chekeche, chumvi unyunyize mwisho.